Nilibeba Maharage Mgongoni

Siku siafu walipoingia nyumbani kwetu tulitoa cherehani. Tukatoa kuku na vifaranga wake, tukatoa pipa la unga na sufuria zote, hata ile iliyotoboka. Mimi nikatoa kibuyu cha mbegu za maharage. Mtoto wa miezi minne tulimwacha ndani amelala.

Nimeyaandika maneno hayo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji, nimerudi na bado yapo.

Na si kwamba mimi ni mgeni wa wadudu. Wadudu na mimi tumezeeka pamoja. Kiangazi ni cha mchwa. Wanajenga vijia vyao vya udongo ukutani, asubuhi navikwangua kwa kisu butu, kesho wamejenga tena, nami nakwangua tena. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye naishi naye tangu alipoachika, husema mimi na mchwa tumeoana, hatulali bila kugombana. Mvua zikianza wanakuja konokono, hao nawazungushia majivu kwenye matuta. Viwavi wa kabichi nawaokota mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Baridi ikiingia, panya nao wanataka pa kujikunyata. Baada ya mavuno ni zamu ya dumuzi, na dawa yake ni kuanika mbegu mpaka zilie kama kokoto, halafu unazichanganya na majivu. Kunguni hawana msimu. Niliwahi kusema kunguni ni kama mawifi, wanahamia wakati wowote, na wifi yangu alininunia siku mbili, ya tatu akacheka.

Hao wote dawa yao ni uvumilivu. Siafu ni habari nyingine. Siafu hawaokotwi wala hawakwanguliwi. Wakija, nyumba ni yao. Unatoka, wanakula kila chenye uhai kilichomo, wakishiba wanaondoka, unarudi.

Masika ya miaka minne iliyopita tulikuwa hatujalijua hilo vizuri. Mwanangu ni fundi cherehani, anashonea barazani, na alipowaona siafu wanaingia kwa mstari akaumwagia mstari mafuta ya taa. Walitawanyika nyumba nzima. Huku sisi tunaulizana nani achukue nini, umechukua hiki, bado, shika kile, na siafu wanapanda. Binti yake mkubwa, tunamwita Kijiko kwa wembamba wake, wakati huo ana miaka sita, walimjaa nywele. Na mafuta yale yalilowesha mbegu zangu zote za maharage. Nilizipanda hivyo hivyo kwa ubishi, haikuota hata moja.

Ndipo nikaweka sheria. Siafu wakija, kila mtu na chake, na hakuna kuulizana. Fundi atoe cherehani na nguo za wateja. Wifi atoe unga na vyombo. Kijiko atoe kuku. Mke wa mwanangu atoe matandiko na nguo zetu. Mimi nizime moto, nitoe mbegu, niwe wa mwisho. Asiyekuwepo, chake kibaki, maana nguo hazina nyama. Niliwafanyisha mazoezi kama watoto wa shule. Wifi alilalamika kwamba nimemfanya askari uzeeni, lakini mwaka uliofuata siafu walipokuja tulitoka kabla chai haijachemka, wala hakuna aliyeumwa. Nilijisifu mpaka kwa majirani.

Sheria hiyo niliitunga kabla mtoto hajazaliwa. Alipozaliwa tulimwongezea chandarua, tukamwongezea beseni la kuogea, tukamwongezea jina. Kwenye sheria ya siafu hakuna aliyemwongeza.

Mimi nilimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume. Wifi akawa anamwita kaka, halafu ananishitaki kwake kwamba mkeo leo kaunguza mboga. Mama yake anapiga pasi kwa dobi, kazi ya kusimama, na tangu arudi kazini mtoto alikuwa anashinda mgongoni kwangu.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya masika. Asubuhi ilikuwa ya rasharasha. Nilikwenda bustanini na mume wangu mgongoni, nimemfunga kwa kanga, nikawa naokota viwavi. Alikuwa amenenepa siku hizo, na mgongo wangu ukishashika joto lake hautaki tena kukaa mtupu. Ilipokaribia saa sita akalala. Kijiko akaja kumchukua, akamlaza kwenye kitanda cha mama yake, akachomekea chandarua kwa sababu ya nzi, akarudi kuniambia, "Bibi, nimemlaza." Nikamwambia vizuri.

Kwa hiyo nilijua. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Waliotangulia kutuambia ni mijusi. Nilikuwa nimeshaingia jikoni, nikaona mmoja ameanguka kutoka darini, akafuata wa pili, wote wanakimbilia mlangoni. Nyuma yao mende, mchana kweupe, wamesahau aibu. Kuku na vifaranga wake wakaanza kelele. Nikachungulia nyuma ya jiko, nikaona ukuta umekuwa mweusi, na weusi wenyewe unatembea.

Nikasema, "Siafu." Mara moja tu, kama sheria ilivyotaka.

Hakuna aliyeuliza kitu. Mwanangu aliacha kaptula ya mtu nusu, akakumbatia cherehani yake akatoka nayo. Wifi akajitwisha pipa, sufuria zikimning'inia mikononi. Kijiko akabana tetea kwapani, vifaranga kwenye pindo la gauni. Chumba cha mkwe wangu hakikuwa na mtu wa kukiingia, kwa sababu mwenyewe alikuwa kazini, na asiyekuwepo, chake kibaki. Mimi nikamwagia moto maji. Mkono mmoja nilikuwa na ndoo, wa pili fimbo yangu. Kibuyu cha mbegu ni cha duara, hakina pa kushika. Nikakitupa mgongoni, nikakifunga kwa kanga ile ile niliyokuwa nayo bado kiunoni, nikatoka.

Tulikusanyika kwenye kibanda cha kuni mwisho wa ua, kama hatua thelathini hivi kutoka mlangoni. Nikahesabu. Cherehani ipo. Nguo za wateja zipo. Unga, sufuria, tetea, vifaranga saba. Nikawasifu. Wifi akasema tukikodishwa tunaweza kumtoa mtu madarakani kabla hajanawa uso. Tukacheka. Naomba mlione hilo, kwamba tulicheka.

Mvua ikaongeza nguvu, bati la kibanda likawa halituachi tusikie kitu. Na mimi nimesimama pale, nimeinama kidogo, nayumbayumba, mkono mmoja nyuma, ninakipigapiga kibuyu polepole. Ninakibembeleza. Mgongo wangu ulikuwa na uzito wake, umeshiba, haukunidai kitu. Kijiko aliniangalia, akajua bibi alimchukua mtoto. Mwanangu aliniangalia, akajua mama yake anaye mtoto. Wifi alinisogelea kuniambia jambo, akaliona lile furushi, akashusha sauti asimwamshe kaka yake.

Sijui tulikaa muda gani. Mwanangu anasema robo saa. Wifi anasema zaidi. Mimi sisemi.

Mkwe wangu akaingia uani na mwavuli wake, kiatu kimejaa matope. Aliona vitu nje, akaelewa. Aliniamkia, akamtania mumewe kwamba leo amefukuzwa na wadogo zake. Kisha akapita nyuma yangu, kama anavyofanya kila akitoka kazini, akaanza kusema na mgongo wangu kwa ile sauti yake nyembamba ya mtoto. Akaishusha kanga kidogo upande wa juu amwone uso.

Nilisikia mkono wake umesimama. Halafu akakigonga kibuyu kwa ukucha. Mara mbili.

"Mama," akasema, "mtoto yuko wapi?"

Nilimwangalia Kijiko. Kijiko akaniangalia mgongoni. Mwanangu akaniangalia mgongoni. Wifi akakaa chini kwenye kuni. Ilikuwa kama sisi wote watu wazima tumeamshwa usingizini, na tulikuwa macho muda wote.

Mwavuli ulimtoka mkwe wangu mkononi, ukawa unajibiringisha peke yake uani, naye keshafika mlangoni. Mumewe nyuma yake. Nami nikakimbia. Mimi ambaye huenda msalani kwa fimbo nilikimbia bila fimbo, na kibuyu kinanigonga mgongoni, maharage yanapiga kelele humo ndani kila nikikanyaga.

Sakafu haikuonekana. Kila hatua ilikuwa kama kukanyaga mchele uliomwagika, na mchele wenyewe unang'ata. Panya mmoja mkubwa, ambaye nilimtegea mwaka mzima bila kumpata, alikuwa katikati ya njia, hajiwezi tena, anatetemeka chini yao. Nilimruka.

Chumbani mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya kitanda. Chandarua kilikuwa cheupe asubuhi. Sasa kutoka chini mpaka nusu kilikuwa cheusi, kama kimechovywa kwenye lami, na juu ya ule weusi bado wanapanda. Ndani yake kimya. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kilio. Kilio ningekikimbilia. Kile kimya kilinisimamisha.

Mwanangu alikuwa anatafuta pa kukifungulia, amechanganyikiwa, anakitafuta kishikizo kwenye kitu kisicho na kishikizo. Mkwe wangu akamsukuma. Akakamata chandarua kizima kwa mikono miwili, pamoja na siafu wake, akakivuta mpaka msumari ukang'oka darini, akamkunja mtoto humo humo na shuka lake, akapita katikati yetu akatoka.

Mvuani tulimfungua. Nilitegemea nini sijui. Alikuwa na rangi ya jivu, macho nusu. Chandarua kilizuia wengi, lakini waliopata upenyo walikuwa wanajua pa kwenda: masikioni, shingoni, kwenye mikunjo ya mapaja, kwenye ngumi alizokuwa amefumba. Mwanangu alitaka kuwapangusa kwa kiganja. Nikamkataza. Siafu ukimpangusa anakata zaidi. Ni mmoja mmoja, kwa kucha, unashika kichwani unavuta. Tukapiga magoti kwenye matope, watu wanne, tukawa tunamchambua mtoto kama mchele. Kijiko alisimama kando, kuku bado kwapani, anasema neno moja tu, nilimlaza, nilimlaza.

Hakulia. Mama yake alimwita, hakulia. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo, halafu kinasita, halafu kinapanda.

Wifi ndiye aliyemwona wa puani. Miguu tu ilikuwa nje. Kucha hazikufika, na kila tukijaribu alikuwa anaingia. Wifi yangu, ambaye hajawahi kufanya jambo bila kulisindikiza kwa mzaha, akamtoa mtoto mikononi mwetu bila neno, akaiziba pua ya mtoto kwa mdomo wake, akavuta. Akatema. Akavuta tena. Akatema siafu, na damu, sijui ya nani, maana alikuwa ameng'atwa ulimi.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezama akaibuka. Akalia.

Alilia mpaka majirani wakatoka. Mmoja wao akawasha pikipiki, akawabeba mama na mtoto hadi zahanati, sisi tukafuata kwa miguu, tumejaa matope na siafu waliobaki kwenye nguo. Njiani watu walituangalia na mimi sikujua kwa nini wananiangalia mimi hasa. Tulipofika ndipo Kijiko aliponivuta kanga akaniambia taratibu kwamba bado nimebeba kibuyu.

Muuguzi alianza kuhesabu alama, alipofika sabini akaacha. Alimchoma sindano, akampaka dawa, jicho moja lilikuwa limevimba halifunguki. Akasema tulale naye hapo mpaka Jumatatu, waangalie kifua. Halafu akachukua kalamu akauliza mtoto alikuwa ameachwa na nani. Nikasema mimi, bibi yake. Akauliza nilikuwa nimetoka kwenda wapi. Nikasema sikwenda popote. Akaiweka kalamu chini bila kuandika.

Jumatatu mtoto aliruhusiwa. Jicho lilifunguka, kifua kilikuwa safi. Tulirudi nyumbani, na hapo nikapigwa na butwaa la pili. Nyumba ilikuwa safi. Hakukuwa na mende hata mmoja. Hakukuwa na panya, hata harufu yao. Kunguni wa viti vya sebuleni, ambao niliwamwagia maji ya moto miaka yote, hawakuwepo. Nilichovujia jasho mwaka mzima siafu walikimaliza mchana mmoja, wakaenda zao, na juu ya kile kitanda waliacha sehemu moja tu iliyokunjamana, pale mtoto alipokuwa amelala. Mkwe wangu aliipangusa ile sehemu kwa mkono, ingawa haikuwa na kitu.

Hakunitukana. Ningetukanwa ningepona haraka. Jioni yake alikuwa ananyonyesha barazani, mimi napita na fagio, akaniuliza bila kuniangalia:

"Mama, hivi siafu wanakula maharage?"

Nilisimama na fagio langu. Siafu hawali maharage. Mtu yeyote anajua. Miaka minne nilikuwa natoa maharage kuyakinga na mafuta ya taa ambayo sisi wenyewe tuliapa kutoyamwaga tena. Mwanangu akainamia cherehani, akaendesha mguu, na sindano haikuwa na uzi.

Kuanzia kesho yake mkwe wangu alikwenda na mtoto kazini. Alimlaza kwenye kapu la nguo, katikati ya mvuke na pasi, na nilipomwambia mwanangu kwamba pale si mahali pa mtoto, akanijibu kwa adabu, macho chini, kwamba mama yake anamwona akiwa pale.

Masika yakaisha. Konokono wakajificha. Baridi ikaja, na panya hawakuja kwa sababu hawakuwepo, na mimi nikawa sina wa kupigana naye. Niliokota viwavi mgongo mtupu. Wifi alijaribu kunichekesha, akaniambia kaka yake ameoa mke mwingine kwa dobi, mwenye pasi. Nikacheka ili asijisikie vibaya. Usiku nilikuwa nasikia kwa mgongo, siyo kwa masikio. Nilikuwa nausikia ule uzito, na sikujua tena ni wa nani kati ya wawili wale.

Siku moja asubuhi, baridi kali, mtoto alikuwa na mafua. Mkwe wangu alijiandaa, akamfunika, akatoka, akafika njiani, akarudi. Nilikuwa nimeinama kwenye kabichi. Sikumsikia mpaka alipofika nyuma yangu. Aliniambia nisiinuke.

Alimlaza mgongoni kwangu yeye mwenyewe. Akazungusha kanga, akafunga kifuani, akakaza, akajaribu fundo kwa vidole. Akaniuliza kama ni mzito. Nikasema hapana. Akarudi nyuma yangu, akapandisha pindo la chini la kanga, akaitoa miguu ya mtoto nje, mmoja upande huu, mmoja upande huu. Akaishika. Akaniambia nami niishike. Nikapeleka mikono nyuma nikaishika, yenye soksi, midogo, inapiga teke.

"Ikae nje hivi hivi," akasema. "Nikija niione kutoka kule barabarani."

Nikamwambia sawa, mwanangu.

Akaenda kazini. Nimebeba hivyo hadi leo, na Kijiko akimbeba anabeba hivyo, na wifi pia, mvua au jua. Majirani wananiambia mtoto anapigwa baridi ya miguu, nimfunike, bibi gani mimi. Nawaambia apigwe.